Mkia wa Waya wa Verzana

Mzee yule alitokea mlangoni Jumatatu jioni, tukiwa tumeshaondoa sahani mezani. Alivaa viatu vya mjini, na mkononi alishika mfuko wa plastiki wa dukani. Hakuwa amepiga simu kuomba kitanda. Na kwenye nyumba yetu mtu hafiki kwa kupitapita tu: kutoka kijijini Colvere ni mwendo wa saa tatu, na saa ya mwisho ni mawe matupu. Akasimama kizingitini, akavua kofia, akauliza:

"Waya unaanzia wapi?"

Shangazi Nives, ambaye ameiendesha nyumba hii ya wapanda milima kwa miaka ishirini na sita, hakuinua macho kutoka kwenye sufuria aliyokuwa akiisugua.

"Watu wengine huanza na habari za jioni."

"Habari za jioni, mama. Waya unaanzia wapi?"

"Unaanzia baada ya supu. Keti. Alda, mpe mzee supu kabla hajaanguka."

Nikampa supu ya shayiri na kipande cha mkate. Alikula kwa adabu, na kila baada ya vijiko viwili alitazama dirishani, kule ukuta wa Verzana ulikokuwa ukigeuka rangi ya waridi kama unavyofanya kila jioni isiyo na mawingu. Mikono yake ilinishangaza. Ilikuwa mikubwa kuliko yeye mwenyewe, na viganja vilijaa madoa madogo meusi chini ya ngozi, kana kwamba mtu alivinyunyizia pilipili manga.

Jina lake Ilario Bresolin, miaka sabini, mtu wa tambarare. Alipomaliza supu alitoa kwenye mfuko kipande cha gazeti, akakinyoosha mezani kwa ukingo wa kiganja. Ilikuwa habari ya mistari kumi: waya wa njia ya chuma ya Cima Verzana umezeeka, utabadilishwa, kazi inaanza Jumatano, njia itafungwa majuma matatu. Juu ya maneno kulikuwa na picha ya nondo ya kwanza kabisa inayoushikilia waya mwambani, ile yenye kibati cha namba.

"Jumatano ni keshokutwa," alisema. "Kwa hiyo imenibakia kesho."

"Imekubakia kesho kufanya nini?" shangazi akauliza.

"Kuupanda. Waya huu niliusuka mimi."

Brashi ya shangazi ikasimama ndani ya sufuria.

Njia yetu ya chuma ni waya mnene kama kidole, uliofungwa mwambani kwa nondo kuanzia chini ya ukuta hadi msalaba wa kileleni, mita mia saba kwenda juu. Mpandaji hujifunga mkanda wenye kamba mbili fupi, kila kamba na kulabu yake, akaziambatisha kwenye waya. Akifika kwenye nondo huhamisha kulabu moja, kisha ya pili, asibaki hata nukta moja bila kushikwa. Mimi niliupanda waya ule mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa. Nimeushika mara nyingi kuliko nilivyowahi kushika mkono wa mtu yeyote. Na katika miaka yote hiyo, hata nilipokuwa nasoma jiografia chuo kikuu na kuandika kurasa mia moja na arobaini kuhusu milima hii, haikunijia kwamba kuna mtu aliyeutengeneza.

"Si mimi peke yangu," mzee Ilario aliendelea. "Tulikuwa kumi na mmoja, wanawake saba na wanaume wanne. Hii namba ya kwenye kibati ni ya rola letu la mwisho la waya. Siku tuliyolimaliza ndiyo siku kiwanda kilifungwa. Miaka ishirini na tisa sasa."

Akatueleza. Katikati ya waya kuna kiini cha katani kilicholowa grisi, na ndani ya katani kila kiwanda hulaza uzi wake wa rangi, ili waya ukikatika popote duniani ijulikane nani aliusuka. Uzi wao ulikuwa wa bluu. Lakini siku ile ya mwisho, rola lilipokaribia kujaa, mama mmoja aitwaye Zelinda alichomoa uzi kwenye leso yake ya kichwani akautia pamoja na ule wa bluu. Wenzake wakamfuata. Huyu akatoa uzi wa sweta, huyu wa soksi, huyu akakata kamba ya kiatu.

"Nyuzi kumi na moja," alisema. "Zimo kwenye mita mbili za mwisho. Mkia. Halafu lori likaja likabeba, na hatukujua limekwenda wapi. Huenda kwenye winchi ya bandari. Huenda kwenye lifti ya hospitali. Miaka yote hiyo tunabishana baa. Sasa tumebaki wanne, na wenzangu watatu magoti hayawabebi. Wamenituma niangalie."

"Uangalie nini?"

"Kama ulifika juu."

Shangazi alifuta mikono kwenye aproni, akaja kuketi mbele yake.

"Umewahi kupanda mlima gani, mzee?"

"Ngazi ya kubadilishia balbu."

"Na kizunguzungu?"

Mzee akakuna kidevu. "Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Balkoni sizipendi."

"Mama yangu!" Shangazi akanigeukia. "Umesikia? Balkoni hazipendi. Verzana ni balkoni ya mita mia saba isiyo na sakafu!"

"Shangazi, nitampeleka mimi," nilisema.

"Wewe nyamaza, msomi. Kila mbwa mwenye macho ya huzuni wewe unataka kumpeleka kileleni."

"Waya unakatwa Jumatano. Hakuna kesho nyingine."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Shangazi alinitazama, akamtazama mzee, akaitazama ile mikono iliyolala juu ya gazeti. Akaushika mkono mmoja, akaugeuza, akauminya kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

"Nguvu anazo," alikiri kwa shingo upande. Kisha akainua kidole. "Sikiliza vizuri, mzee. Mchana mawingu hupanda, na radi ikipiga mlimani kitu cha kwanza inachotafuta ni waya. Kengele ya mchana ya Colvere husikika hadi juu. Ikilia, popote mlipo, mnageuka. Hata kama pua yako imeshagusa msalaba."

"Nakuahidi."

"Wote huahidi. Nimewaona maprofesa na makasisi wakiahidi, halafu wakifika juu wanakuwa viziwi."

"Mimi nakuahidi, mama."

Shangazi alicheka, akanyanyuka huku ameshika goti lake la kulia. "Haya. Ukigeuka kwa kengele bila kubishana, mimi Nives, na goti hili, nitapanda mwenyewe nikuletee mkia wako kwa mikono yangu."

Sote tukacheka. Goti lile lilipasuliwa miaka sita iliyopita, na tangu hapo shangazi hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko ngazi za kwenda chumbani kwake.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mzee akiwa na viatu vya marehemu mume wa shangazi, mkanda wa kuazima na helmeti ya njano iliyomkaa kama bakuli. Glavu alikuja nazo mwenyewe, za ngozi, nyeusi kwa grisi ya zamani. Tulipofika kwenye nondo ya kwanza hakutazama juu. Alipiga goti, akasoma kibati, kisha akavua glavu moja akaushika waya kwa kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama daktari anayetafuta mapigo.

"Nyuzi mia moja na kumi na nne," alisema. "Mafungu sita, kila fungu nyuzi kumi na tisa. Habari yako, bwana."

Mwanzo ni ngazi ya vipago mia na ishirini iliyosimama wima. Kwenye kipago cha thelathini nilisikia chini yangu pumzi imebadilika. Nikatazama. Alikuwa amekumbatia ngazi, macho yamefungwa, helmeti imeegemea chuma.

"Mzee Ilario?"

"Ni ile balkoni."

"Tushuke?"

"Ngoja." Alikaa hivyo kwa muda mrefu. Jiwe dogo lilianguka mahali fulani likidundadunda. "Binti, huu waya hapa pembeni, wewe ukiutazama unaona nini?"

"Waya."

"Basi ndiyo maana unaweza kutazama bonde. Mimi nikiutazama nina mambo mengi ya kuona."

Ndivyo alivyopanda. Hakutazama chini wala juu wala kando. Alitazama sentimita thelathini za waya zilizokuwa mbele ya pua yake, na aliposogea aliziacha hizo akatazama nyingine. Miguu ilimtetemeka kama ya ndama, nami nilikuwa tayari wakati wowote kusema basi. Lakini mikono haikutetemeka. Kwenye kila nondo alihamisha kulabu moja, akasubiri mlio wake wa kufunga, akahamisha ya pili, akasubiri mlio. Nimewaona vijana wenye misuli wakisahau jambo hilo wanapochoka. Yeye hakusahau hata mara moja, na nondo za Verzana ni mia mbili na thelathini na moja.

Tukapita Kikaango, bamba la mwamba linalochomwa na jua tangu asubuhi. Tukapita Mlango wa Mbuzi, ambapo lazima utoe mfuko mgongoni uupitishe kwanza. Hapo katikati alisimama, akaweka kiganja kwenye waya ulioonekana sawa kabisa.

"Hapa umekufa."

"Wapi?"

"Ndani. Maji yameingia kwenye katani, yamekaa. Nje unang'aa, ndani ni unga. Vua glavu, shika. Huku unajibu. Huku haujibu."

Nikashika. Mara ya kwanza sikuhisi kitu. Akanishika vidole akavisogeza kiasi cha shibiri moja, akaniambia niuvute kidogo, niuachie. Ndipo nikahisi: upande mmoja waya ulirudi haraka, kama mtu aliyeitwa jina, na upande wa pili ulichelewa. Nilikuwa nimeupita pale mara hamsini.

"Wana haki ya kuubadilisha," alisema, bila uchungu. "Miaka ishirini na tisa ya theluji. Umefanya kazi nzuri."

Kisha, kwa kuwa alikuwa hawezi kutazama bonde, aliniomba nimsimulie lilivyo. Nikamsimulia: paa za Colvere, mto, nyasi zilizokatwa na ambazo bado, ng'ombe kama punje za mchele. Naye akanisimulia mashine. Ilikuwa ndefu kama kanisa, ikizunguka, na Zelinda akiimba juu ya kelele zake ingawa hakuna aliyeweza kumsikia, walimwona tu mdomo. Kulikuwa na Oreste aliyekuwa akificha soseji kwenye joto la mota ili ziive kabla ya mapumziko.

"Na hakuna aliyemkamata?"

"Msimamizi alimkamata. Tangu siku hiyo zikawa soseji mbili."

Nilicheka mpaka nikalazimika kushikilia nondo. Nilikuwa nimetoka chuoni tangu Machi nikiwa na hofu kwamba dunia imeshakwisha kutengenezwa na watu wasiojali, na kwamba sisi wengine tumebakiziwa kulalamika. Sasa nilikuwa nimening'inia kwenye kazi ya watu kumi na mmoja walioipenda, na ilikuwa imenibeba tangu utoto bila kuniuliza jina. Sikumwambia. Ningelia, na kwenye ukuta si mahali pa kulia.

Tulifika kwenye Bega la Ajuza, ukingo mpana kidogo chini ya kilele. Kutoka hapo hubaki ngazi moja ya vipago thelathini na viwili. Alinywa maji, akafuta midomo, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akainua macho kabisa. Juu, kwenye anga la bluu lisilo na hata pamba moja ya wingu, msalaba ulisimama. Na kando ya mguu wa msalaba, baada ya nondo ya mwisho, waya uliozidi ulikuwa umejikunja mwambani kama mkia wa paka aliyelala.

Alivaa glavu, akasogea, akaweka mkono kwenye kipago cha kwanza.

Kengele ya Colvere ikaanza kulia.

Upepo wa bondeni uliileta wazi, kila pigo. Mkono wake ukabaki pale pale kwenye kipago hadi pigo la mwisho. Kisha akautoa.

"Haya," alisema. "Tugeuke."

"Mzee, subiri." Nikamshika mkono. "Hatujachelewa. Kengele hii huwa mbele robo saa."

Hilo ni jambo analolijua kila mtu wa bonde letu. Zamani, kabla baba yangu hajazaliwa, wakata nyasi wawili walipigwa radi kwenye malisho ya juu wakingoja kengele ya mchana ili washuke. Mtunza kanisa akaisogeza saa ya mnara robo mbele, na hakuna aliyethubutu kuirudisha. Sisi tumezoea. Mtu wa Colvere akiisikia hutoa robo kichwani bila kujua kwamba ametoa. Tunafika harusini kwa robo ile, tunafika hata mazikoni kwa robo ile.

"Sasa hivi ni saa sita kasorobo," nilimwambia, nikimwonyesha saa yangu ya mkononi. "Ona. Dakika kumi zinatutosha kufika, na tutageuka saa sita kamili. Hutakuwa umevunja chochote!"

"Mama alisema kengele."

"Lakini hata yeye hutoa robo! Kila mtu hapa hutoa!"

"Mimi si mtu wa hapa, binti. Nilichoahidi ni kengele. Saa hakuitaja."

"Vipago thelathini na viwili, mzee Ilario. Umepanda elfu nzima. Anga ni jeupe!"

Alitabasamu, lakini kidevu kilimtetemeka, na wakati huu haikuwa balkoni.

"Kiwandani king'ora kikilia, mashine inasimama," alisema. "Hata kama imebaki mizunguko miwili rola lijae. Siku moja Oreste alisema, mizunguko miwili tu. Leo ana vidole saba." Akaweka kiganja kwenye waya, akakiacha hapo. "Usinibembeleze tena, tafadhali. Ukinibembeleza nitapanda."

Nikafunga mdomo. Aliutazama tena ule mkia uliokuwa ukimeremeta juani, labda mita kumi kutoka usoni pake.

"Ulifika," alisema. "Naona ulifika."

Akahamisha kulabu moja kuelekea chini, akasubiri mlio. Akahamisha ya pili.

Kushuka kulituchukua saa sita. Mawingu tuliyoyaogopa hayakuja. Halikudondoka hata tone siku ile. Jioni anga lilikuwa bado safi kama sahani, na nilipoliona hivyo nilihisi hasira kwa anga.

Shangazi alikuwa barazani na darubini shingoni. Hakusema pole. Alimpa mzee kiti, maji, kisha ugali wa njano na uyoga, na mzee akalala akiwa ameketi, uma mkononi. Ndipo shangazi akanivuta jikoni.

"Nilimwona," alisema. "Mkono wake ulikuwa kwenye kipago. Ulimwambia habari ya robo?"

Uso ukanichoma. "Nilimwambia."

"Akasemaje?"

"Kwamba saa hukuitaja."

Shangazi alikunja na kukunjua taulo. Halafu akafungua kabati la chini, akatoa viatu vyake vya kupandia, akavipuliza vumbi la miaka sita.

"Shangazi! Yalikuwa maneno ya mzaha."

"Ya kwake yalikuwa mzaha?"

"Fundi Gaudenzio na watu wake wa kubadilisha waya wanashushwa kileleni na helikopta kesho saa mbili. Tumpigie simu, akate mkia aje nao."

"Nilisema kwa mikono yangu."

"Na goti?"

"Goti halikuwepo nilipokuwa nasema? Lilikuwepo. Lilisikia."

"Basi helikopta ikushushe angalau."

"Helikopta ni ya mafundi na mizigo yao, wengine hawaruhusiwi; na Gaudenzio nitampigia asiuguse waya mpaka nishuke. Na kesho kuna wageni arobaini wa chakula cha mchana, kwa hiyo badala ya kubishana kaloweke maharagwe. Tuone jiografia imekufundisha nini kuhusu chumvi."

Jumatano nilipoamka kitanda cha shangazi kilikuwa kimetandikwa. Mzee Ilario aliposikia, aliweka kikombe chini polepole.

"Mwite arudi."

"Ukutani hakuna mtandao."

"Mimi sikudai! Nilikuwa nimeshasahau!" Alitoka nje akashika darubini, akaitafuta nukta nyekundu ya koti la shangazi kwenye mwamba. Alipoipata hakutaka kuiachia. Ikabidi nimwite ndani kwa nguvu, kwa kuwa wageni walikuwa wakifika na ugali wa watu arobaini kwenye sufuria ya shaba unataka mtu wa kuukoroga saa nzima bila kupumzika. Aliukoroga. Mwendo mmoja, kasi moja, kama mashine iliyozimwa miaka ishirini na tisa iliyopita na leo imewashwa. Wageni walisema hawajawahi kula ugali laini hivyo. Kila nilipompa nafasi alikimbilia barazani kwenye darubini.

"Amepita lile bamba."

Baadaye: "Yuko kwenye kile kilango. Amekaa. Kwa nini amekaa?"

Baadaye tena, kwa sauti ndogo: "Ameanza ngazi ya mwisho. Anapandisha mguu mmoja tu, Alda. Wa pili anauvuta."

Kengele ya mchana ililia. Wakati huo nukta nyekundu ilikuwa imeshageuka, iko chini ya Bega, inashuka.

Shangazi alifika muda mfupi kabla ya saa moja jioni, jua likiwa bado kwenye ncha za miamba. Alitembea juu ya mawe akiegemea fimbo, uso wa rangi ya majivu, suruali imetatuka. Tulimkimbilia, akatufukuza kwa mkono. Aliingia mwenyewe hadi kwenye meza ile ile, akavua begani kitanzi cha waya, akakiweka mbele ya mzee. Kilidunda kwa uzito wake.

"Mita mbili," alisema. "Aliyekata ni Gaudenzio, kukata sikuahidi. Nimebeba mimi."

Kisha akajitupa kwenye kiti.

Mzee Ilario alivua kofia. Aliushika waya kwenye ncha, akaomba koleo mbili, nikampa. Akaubana, akausokota kinyume cha ulivyosokotwa, kidogo tu, na yale mafungu sita yakaachana kama vidole vya mtu anayefungua ngumi. Ndani katani ilikuwa kavu na nzuri, bado ina grisi. Akaichambua kwa ncha ya msumari. Wa kwanza kuonekana ulikuwa wa bluu. Kisha mwekundu uliofifia ukawa kama kutu. "Zelinda," alisema. Kisha kijivu, kisha njano, kisha kamba nyembamba ya kiatu, na kwa kila mmoja alitaja jina, wengine hai, wengine la, kwa sauti ya mtu anayeita mahudhurio asubuhi. Alifika kumi na moja. Ule wa mwisho ulikuwa wa kijani.

"Huyu ni mimi," alisema. "Sweta. Mke wangu alinigombeza wiki nzima."

Hakuchomoa hata mmoja. Aliusokota waya ukarudi ulivyokuwa, ukajifunga.

"Alda," shangazi aliita, macho ameyafumba. "Supu. Na mtu anivue hiki kiatu, maana goti limekuwa boga na mimi siwezi kuinama."

Nilipogeuka kutoka jikoni na bakuli, mzee Ilario alikuwa ameshapiga magoti sakafuni. Mikono yake mikubwa ilikuwa ikifungua kamba za kiatu, tundu moja baada ya jingine, bila haraka, na shangazi alikuwa amekwisha kulala.